Nimeshatoa kianzio cha saa, fundi akaniambia jambo

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, mzaliwa wa Pangani, mtumishi wa umma hapa Dodoma. Ofisi ilinileta mwaka 2018 na tangu hapo sijahama. Nimeoa, tuna watoto wawili, tunajenga Nzuguni kwa mishahara miwili. Mke wangu ni mwalimu, kwao Kondoa.

Shida yangu imeanzia kwenye saa ya mkononi. Nilipokuwa na miaka kumi na moja mjomba wangu alifanya kazi kwa bwana mmoja aliyekuwa akipeleka wageni kuzamia. Siku moja yule bwana aliivua saa yake akanishikisha. Ilikuwa nzito, na ukiizungusha ile pete ya nje inalia tik tik tik chini ya kidole. Sijaisahau mpaka leo. Nimeishi na saa za betri za elfu ishirini, zikifa natupa, lakini kila nikiona saa ya kuzamia mkononi mwa mtu, mazungumzo yananipotea.

Ofisini kwetu kuna dereva, mzee wa miaka 58, Mgogo wa Mvumi. Namwita baba, naye ananiita mwanangu. Ana saa ya kuzamia, Seiko SKX007, aliyopewa mwaka 2010 na mhandisi mmoja aliyekuwa akimwendesha kwenye mradi wa barabara. Anasema aliitoa kwenye boksi kwa mkono wake. Tangu nimjue sijamwona bila hiyo saa. Mwezi wa tisa akanifuata, akaniambia mjukuu wake amepata chuo Mbeya, anatakiwa kuripoti mwishoni mwa Oktoba, na mkopo amekosa. Anauza saa. Akataja 450,000. Sikupunguza hata shilingi, kwa ajili ya shida yake na kwa sababu nilikuwa nimeitamani miaka yote hiyo. Nikampa kianzio cha 200,000, tukakubaliana nimalizie mshahara wa Oktoba ukitoka. Akaivua palepale kwenye maegesho akanikabidhi. "Mwanangu hawezi kunikimbia," akasema. Mkononi kwake ikabaki alama ya ngozi ambayo haijapigwa jua kwa miaka.

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi saa wa Majengo, nilitaka aisafishe tu. Akafungua ule mfuniko wa nyuma wenye wimbi la bahari, akatazama kwa kioo chake cha jicho, akakaa kimya. Kisha akasema: "Mashine ni yake. Bodi ni yake. Uso na mishale si yake." Akanipeleka kwenye kona ya giza akanionyesha. Nukta ya pete ya nje ilikuwa inang'aa vizuri, lakini alama za usoni zilififia kabla hatujamaliza kuongea. Tena mshale wa sekunde una nukta ya kung'aa kwenye ncha ndefu, wakati wa kiwandani nukta yake iko kwenye mkia mfupi. Oringi za kuzuia maji zimekauka zimekuwa ngumu. Akasema yeye asingetoa zaidi ya laki mbili na nusu.

Nilimchokonoa mzee kwa mbali. Akasema mwaka 2016 iliingia maji, akaiacha kwa fundi mmoja Dar es Salaam wiki mbili, ikarudi inatembea vizuri. Shangazi, naamini hajui kabisa kilichofanyika. Nikimwambia ataona natafuta kupunguziwa bei wakati ana shida, au atajiona ameniuzia uongo, naye ni mtu wa heshima zake. Nikinyamaza nitakuwa nimenunua feki kwa bei ya halisi, macho yangu yakiona.

Na kuna la nyumbani. Mwaka jana nilimgusia mke wangu kwamba natamani saa ya kuzamia. Akacheka, akasema, "Baba Salma, maji ya bomba yenyewe ya mgao, wewe utazamia wapi?" Tangu tuanze kujenga tulikubaliana kwamba fedha yoyote inayozidi laki moja tunaiongelea kwanza. Ile 200,000 nilimwambia ni mchango wa harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Juzi ameniuliza harusi ni lini, apate muda wa kushona nguo.

Saa iko kwenye droo ya ofisini. Naivaa siku ambazo mzee yuko safarini. Nifanyeje?

Mpwani wa Nzuguni


Marahaba, mwanangu.

Nimekuelewa hivi. Kuna mzee unayemheshimu kama baba, na kuna jambo kuhusu mali yake ambalo wewe unalijua na yeye halijui. Kuna mke unayejenga naye, na kuna jambo kuhusu fedha yenu ambalo wewe unalijua na yeye halijui. Katikati umebaki wewe na droo. Umeniuliza kuhusu saa, lakini naona hiyo 450,000 umeibebesha mengi: bei ya kitu, msaada kwa mwenye shida, na hamu ya mtoto wa Pangani aliyewahi kushikishwa saa siku moja. Ndiyo maana kila ukiigusa upande mmoja, upande mwingine unauma.

Nianze na saa, kwa kuwa hapo ndipo pepesi. Kabla ya kukujibu nilikwenda kukaa asubuhi nzima na fundi saa mmoja wa siku nyingi, nikamsomea maneno ya mwenzake wa Majengo. Alikubaliana nayo yote, hata la mshale wa sekunde. Akanieleza kwamba aina hiyo ilianza kutoka mwaka 1996, na Seiko waliacha kuitengeneza mwaka 2019. Tangu hapo zinazouzwa ni zilizokwishavaliwa au zilizobaki kwenye makabati, na bei zikapanda. Zile Seiko 5 Sports zilizokuja baada yake zinafanana nayo sura, lakini ni za kuhimili maji mpaka mita 100, si mita 200, na hazikutengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, ambacho hiyo ya mzee ilitimiza.

Umeandika neno "feki". Hapo nakuomba tusimame kidogo. Mzee wako ni dereva. Gari likivunjika kioo cha mbele likawekewa cha duka jingine, hakuna anayeliita gari feki. Saa iliyoingia maji mara nyingi uso wake huharibika madoa na mishale hushika kutu, na huenda fundi wa Dar alikuwa na njia mbili tu: kuweka alichokuwa nacho, au kuirudisha imekufa. Kosa lake ni kutomwambia mwenye mali. Ila pia sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa watu wanaokusanya saa hizi, uso na mishale ndiyo roho ya thamani, na ikishabadilishwa bei hushuka kweli. Fundi wako hakukudanganya. Kwa hiyo swali ninalokurudishia ni hili: wewe unainunua ili uivae, au kuna sehemu ya moyo wako inayofikiri siku moja utaiuza? Ukiwa wa kuvaa, ulichonacho ni mashine nzima na bodi nzima. Ukiwa wa kuuza, unayo saa ambayo nawe itakubidi umweleze mtu mwingine habari yake yote.

Unaweza kuithibitisha mwenyewe bila kumtegemea mtu. Nyuma, ile namba ya aina inatakiwa kuwa 7S26-0020. Kisha tazama namba ya utambulisho yenye tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Ikianza na 97, kwa mfano, ilitengenezwa mwezi wa saba wa mwaka unaoishia na 9, na kwa kuwa aina hii imeanza 1996, hiyo ni 1999 au 2009. Ukikuta tarakimu zinazoendana na simulizi ya mzee ya 2010, basi umepata shahidi kwamba maneno yake ni ya kweli, na nadhani hilo unalihitaji zaidi ya bei. Mashine yake, iitwayo 7S26, haijazwi kwa kuzungusha kifundo cha pembeni. Inajijaza kwa mwendo wa mkono, na ukivuta kifundo ili urekebishe saa, mshale wa sekunde hausimami. Ukiona inajazwa kwa kifundo au sekunde zinasimama, mashine nayo imebadilishwa. Pete ya nje lazima izunguke upande mmoja tu, kinyume na mishale, vilio 120 kwa mzunguko mzima. Imefanywa hivyo ili ikigongwa chini ya maji imwonyeshe mzamiaji kwamba muda wake umekwisha mapema, isimdanganye kwamba bado anao. Pete hiyo haina habari na saa saba yetu wala saa moja ya uso wa saa, inahesabu dakika. Na usihangaike ukiona inakimbia sekunde ishirini na kitu kwa siku. Kiwanda chenyewe kiliiruhusu kuchelewa mpaka sekunde 20 au kukimbia mpaka 40.

Maji ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mita 200 ilikuwa ahadi ya siku ilipotoka kiwandani na oringi mbichi. Oringi zikikauka, ahadi hiyo haipo, hata kwa bwawa la Hombolo, hata kwa bafu la maji ya moto na sabuni. Zibadilishwe, zipakwe grisi ya silikoni, na kifundo kifungwe kwa kukisokota mpaka mwisho. Hata hivyo, mafundi wengi wa mezani hawana mashine ya kupima shinikizo, na bila kipimo hicho hakuna anayeweza kukuhakikishia. Kuna jaribio dogo: ipashe joto mkononi, dondoshea kioo tone la maji baridi sana, kisha lifute. Ukungu ukibaki kwa ndani, tayari kuna unyevu. Ukungu usipoonekana, bado haijathibitika kwamba inafaa kuzamia. Umejua tu kwamba ndani ni pakavu kwa leo.

Sasa mzee.

Umechukulia kwamba kumwambia ni kumvunjia heshima. Inawezekana. Lakini nimejiuliza, kama ni mimi nimevaa kitu miaka yote hiyo tangu kiguswe na fundi, na kijana ninayemwita mwanangu anajua kilichofanywa humo ndani na mimi sijui, je, heshima yangu iko wapi? Huenda angetaka kujua. Huenda ataumia. Sidhani kama mimi au wewe tuna uwezo wa kumchagulia. Ukiamua kumwambia, mahali pana uzito wake. Maegesho ya ofisini mbele ya madereva wenzake si mahali. Kwake, jioni, saa ikiwa mkononi mwako na kioo cha fundi ukiweza kukiazima, umwonyeshe alama za usoni zinavyofifia gizani, uanze na lililotokea Dar kabla ya lolote kuhusu shilingi. Neno la bei likitangulia, hata ukiwa na nia njema kiasi gani, litasikika kama umekuja kukomboa laki mbili zako.

Hatari ipo. Anaweza kusisitiza akurudishie kianzio, na kianzio kimeshakwenda kwenye godoro na nauli ya mjukuu. Mzee mwenye aibu ya deni anaweza kukimbilia mikopo ya kausha damu, na hapo utakuwa umemwokoa asikuuzie saa yenye kasoro ukamtia kwenye shimo ambalo mshahara wa miaka miwili iliyobaki hautamtoa. Fikiria hilo kabla hujafika kwake, uwe na jibu mfukoni. Je, uko tayari kusema, "baba, bei ibaki ileile"? Au bei ishuke kulingana na hali ya saa, na kiasi kilichobaki umpe kwa jina lake halisi, yaani mchango wa mjukuu, ambao kwetu ni jambo la kawaida na halimdhalilishi mtu? Kwa hesabu ni fedha ileile. Kwa moyo wake huenda zisiwe sawa, na wewe unayemjua ndiye utakayepima kipi kitamkalia vizuri.

Unaweza pia kunyamaza na kumlipa yote. Sitasema ni vibaya. Kuna watu hutoa sadaka kwa njia hiyo na wanalala usingizi. Ila jiulize kama wewe ni mmoja wao, kwa sababu umeniandikia kwamba unaivaa siku ambazo hayupo. Na Majengo si pakubwa, mafundi wanaongea, madereva wanaongea. Akija kusikia kwa mwingine kwamba ulijua, ataikumbuka hiyo fedha kwa namna nyingine.

Kuna kitu kingine, nakitaja kwa tahadhari kwa sababu si mimi niliyemwona. Uliandika ile alama ya ngozi mkononi mwake. Mtu anayeandika barua kuhusu bei hakumbuki kitu kama hicho. Je, una hakika mzee anataka kuuza, au anataka laki nne na nusu? Huenda kwake ni kitu kimoja kwa sasa. Lakini ungeweza kumuuliza kama angependa saa ikae kwake mpaka atakapostaafu, na fedha uliyompa iwe mkopo kati yenu, au iwe sehemu ya bei utakayomalizia siku hiyo. Najua mkopo kati ya wafanyakazi wenza unaweza kuharibu salamu za asubuhi, na wewe utakuwa hujapata saa unayoitaka. Nimeiweka hapo kwa kuwa naona hukuifikiria, si kwa kuwa ni bora.

Nimekuja nyumbani mwisho, ingawa hapo ndipo nilipokaa zaidi nikiisoma barua yako.

Mkeo alicheka. Ulikichukua kicheko hicho kama kukatazwa, na tangu hapo hukuuliza tena. Lakini alichosikia yeye mwaka jana ni nini? Kwamba mume wake anatamani saa ya kuzamia, Dodoma, kwenye vumbi. Yeye ni wa Kondoa. Je, umewahi kumsimulia yule bwana na pete iliyokuwa ikilia chini ya kidole chako? Amewahi kuiona bahari ya kwenu, siyo ya Dar, ya Pangani, akajua unachokikosa unapoamka Nzuguni? Inawezekana amekataa saa bila kujua saa yenyewe ni kitu gani kwako, na inawezekana hata hajakataa. Utani kuhusu mgao wa maji ni utani wa mgao wa maji.

Siwezi kukuahidi kwamba atapokea vizuri. Mwanamke aliyeambiwa harusi isiyokuwepo ana haki ya kurudi nyuma na kuhesabu michango mingine uliyomtajia, na huenda akakuuliza kuhusu zile ambazo zilikuwa za kweli. Huenda akasema saa irudishwe, mabati kwanza. Huenda akanyamaza siku tatu. Na huenda, nimeyaona haya, akakwambia kwamba na yeye kuna kitu amekuwa akikitamani na kukificha, kwa sababu kanuni ya laki moja mliiweka mlipoanza msingi na hamjaiangalia tena. Kanuni nzuri ya nyumba inayojengwa inaweza isiwe na nafasi hata ndogo ya mtu kununua kitu cha moyo wake. Hilo ni la kwenu wawili kulipima, ila haliwezi kupimwa wakati mmoja wenu anadhani kuna harusi.

Kuhusu nani aambiwe kwanza, mimi naona nyumbani pana haki ya kutangulia, kwa kuwa 250,000 iliyobaki bado haijatoka na ni ya wote wawili. Ukienda kwa mzee na kumwambia "bei ibaki ileile" kabla mkeo hajajua kuna bei, utakuwa mkarimu kwa fedha ya mwingine. Lakini naelewa pia kwamba mjukuu ana tarehe ya kuripoti na mazungumzo ya ndoa hayana tarehe. Wewe ndiye unayejua ni usiku gani mkeo anasikia, na ni usiku gani amechoka na madaftari ya kusahihisha.

Ukimwambia, nenda na saa yenyewe. Mwache aishike, aizungushe hiyo pete.

Kuna jambo moja hukuniandikia, mwanangu. Mkeo alipokuuliza harusi ni lini ili ashone nguo, ulimjibu nini? Ningependa unijulishe hilo, hata kabla ya kuniambia saa imeishia mkononi mwa nani.

Shangazi